Jedwali la Nani ni wa Nani

Foleni ilianzia kwenye meza ya Leonia, ikazunguka goli la kusini, ikatoka nje ya uwanja wa mpira na kupotelea barabarani, na kila meli iliyotoka Kagunga iliiongezea mkia. Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka 2015. Burundi ilikuwa imechafuka. Watu walivuka mpaka kwa miguu hadi kijiji cha Kagunga, wakarundikana pale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika bila choo wala maji safi, na kipindupindu kikawakuta hapo hapo. Sasa walikuwa wanaletwa Kigoma kwa meli, wanaandikishwa uwanjani, kisha wanapandishwa mabasi kwenda kambini. Na kabla ya kuandikishwa hapakuwa na kupimwa, wala hema la dripu, wala basi. Ndio ulikuwa utaratibu, na aliyeutunga bila shaka hakuwa amesimama juani.

Leonia Martini ndiye aliyekuwa mwenye mashine. Wasichana wa kuandikisha walikaa na kompyuta zao ndogo kwenye meza zilizopangwa mstari, lakini zote zilipeleka majina kwenye kompyuta moja kubwa iliyowekwa chini, miguuni pake. Hiyo ndiyo iliyokuwa inawachelewesha watu. Kila jina lilipoingia, mashine ilizubaa kwanza. Taa nyekundu ikapepesa, diski ikakoroma, ndipo kwenye kioo likatokea neno: tayari. Wakati huo wote mtu aliyesimama mbele ya meza alikuwa anasubiri na jasho lake.

"Mama Happiness," Leonia akaambiwa na Feliksi, msimamizi wa kituo, mtu mwema aliyepewa sauti ya mtu mkali. "Hiyo mashine yako inawaandika watu au inawaposa?"

"Inahakikisha, kaka Feliksi. Haisemi tayari mpaka jina limefika chini kabisa kwenye diski. Umeme ukikatika dakika hiyo hiyo, jina lipo."

"Na mtu akianguka dakika hiyo hiyo?"

Jibu lilikuwa linapita mbele yao. Vijana wa kujitolea walikuwa wamembeba mzee mmoja kutoka katikati ya foleni, na tayari walikuwa wamemfunika uso kwa shati lake mwenyewe. Mzee yule alikuwa amesimama tangu asubuhi akingoja kuwa jina.

Dawa Leonia aliijua. Aliijua tangu jana yake, akawa anaikwepa kama mtu anavyomkwepa jirani mkopaji. Jedwali la mashine linaweza kuandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo ya kuhakikisha. Ya pili ni ya mama lishe hodari wa pale Gungu, anayesikiliza wateja kumi kwa pamoja na kumjibu kila mmoja "nimekusikia baba", huku hajaandika kitu, yote yako kichwani, ataipakua kila sahani kwa wakati wake. Ni haraka kweli kweli. Lakini mama huyo akiteleza akapiga kichwa sakafuni, hakuna anayejua tena nani aliagiza ugali na nani aliagiza wali.

Majedwali yalikuwa mawili. Moja la watu: jina, umri, walikotoka. La pili la familia: nani ni wa nani, nani anasafiri na nani. Hili la pili ndilo lililokuwa zito, maana mtu huandikwa mara moja tu, lakini mama mwenye watoto sita anafungwa mafundo kwa kila mtoto, na watoto wenyewe kwa wenyewe. Leonia akapiga hesabu yake. La watu halichezewi, litabaki kwenye kuhakikisha. La familia litaandikwa haraka haraka. Likiharibika, basi, si wataunganishwa tena kwa majina? Mtoto anabeba jina la baba yake, kama yeye alivyobeba la Martini. Unawapanga kwa jina la mwisho, kila familia inajikuta pamoja, na jioni unaenda kulala. Ilikuwa hesabu safi. Leonia aliipenda, na hapo ndipo alipopaswa kujitilia shaka.

Kulikuwa na jambo moja lililomkera. Betri ya akiba, ile inayoishikilia mashine jenereta likizimika, ilikuwa imeombwa asubuhi na wauguzi kwa ajili ya friji la dawa, naye aliitoa mwenyewe. Angeidaije tena? Akapiga moyo konde, akamweleza Feliksi hesabu yake, akabadili jedwali la familia.

Taa nyekundu ikatulia. Foleni ikaanza kutembea. Si kutembea kwa kujikokota, kutembea hasa, mpaka watu waliokuwa wamekaa chini wakalazimika kuinuka na kuokota mabegi yao mbio mbio. Wasichana wakaanza kucheka. Feliksi akaja na soda ya baridi, akaiweka mbele ya Leonia bila neno, na kwa Feliksi hiyo ilikuwa hotuba.

Jua likiwa la utosi, mwanamke mmoja akafika kwenye meza ya Leonia akiwa ameshikiliwa mabega. Aliitwa Goreth. Macho yalikuwa yamezama na ngozi ya mikono imesinyaa kama ya mtu aliyeshinda akifua. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kike ambaye hata kusema hajaanza vizuri.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Iradukunda," akasema Goreth, na magoti yakamwishia.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akamdaka mtoto. Hawakuwa wanajuana hata kwa sura. Wauguzi walipokuwa wanamnyanyua Goreth, Leonia alimwuliza yule mwanamke kama anaweza kukaa na mtoto, aende naye kambini mpaka mama apone, kwa kuwa kwenye hema la wagonjwa watoto wasiougua hawaruhusiwi. Mwanamke akasema "ego", yaani ndiyo. Leonia akamwuliza jina, akapiga vidole: Iradukunda, mtoto wa Goreth, anasafiri na huyu. Hakuinua uso. Kasi ilikuwa imemnogea. Mashine ikasema tayari kabla hajaondoa kidole, na yeye akaita, "Anayefuata!"

Watu wazima walifungwa utepe wenye namba mkononi. Watoto wadogo hawakufungwa, kwa kuwa utepe uliwapwaya ukachomoka. Wao walikuwa wanajulikana kwa jedwali tu.

Baada ya kitambo Eufrasia, muuguzi wa hema la dripu, akapita akinawa mikono. "Yule mama wa mwisho uliyetuletea," akasema, "angekaa foleni kidogo tu zaidi tungekuwa tunamfunika. Sasa mshipa umepatikana, maji yanaingia. Mungu akubariki na mashine yako." Leonia akatabasamu. Alijisikia vizuri, na kwa nini asijisikie? Kuna mtu alikuwa hai kwa sababu yake.

Alasiri, mabasi ya kwanza yakiwa yameshaondoka, jenereta likakohoa. Likakohoa tena. Kisha kukawa kimya, kimya kile kinachomfanya kila mtu ageuke kutazama upande mmoja. Jeremia, fundi wa jenereta, akatoka mbio nyuma ya hema na mikono yake imejaa mafuta.

"Dizeli ina maji, dada! Sikulizima mimi, limejifia lenyewe!"

Leonia alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mashine. Kioo kilikuwa cheusi. Aliuweka mkono juu yake kama anayempima mtoto homa.

Jenereta lilipowaka, aliwasha mashine. Jedwali la watu likafunguka. Wote walikuwepo, hadi mtu wa mwisho aliyekuwa mezani umeme unakatika. Akafungua la familia. Mashine ikajibu kwa upole wake wa siku zote: jedwali limeharibika. Akaiamuru ilitengeneze. Ikatengeneza, ikarudisha mafundo ya asubuhi, yale yaliyoandikwa kwa kuhakikisha. Ya baada ya hapo hayakuwemo. Yote yaliyojibiwa tayari, tayari, tayari, yalikuwa kichwani kwa mashine, na kichwa kilikuwa kimezimika.

"Usinitishe na uso huo," akasema Feliksi. "Si ulisema utawaunganisha kwa jina la baba?"

Leonia akayapanga majina ya mwisho. Akateremka kwenye orodha, akapanda, akateremka tena. Hakuna jina lililomvuta mwenzake. Baba huyu, mama yule, watoto wanne, na kila mmoja na jina lake peke yake, hakuna hata wawili waliofanana. Akawa kama mtu aliyefungua kabati la nguo na kukuta kila soksi ni ya mguu mmoja.

Mwalimu Bucumi, mkimbizi aliyekuwa akiwatafsiria, akainama kutazama kioo. Aliposoma akaelewa, na sauti yake ikashuka.

"Mama, kwetu mtoto hachukui jina la baba. Kila mtoto anapewa lake. Mzazi anatia ndani lile jambo alilokuwa nalo moyoni siku anazaliwa. Baba yangu hakuwa Bucumi, na katika watoto wangu hakuna Bucumi. Wewe ni Muha, nanyi mlikuwa hivyo hivyo, si mnajua?"

"Nilijua, Mwalimu," akasema Leonia.

Alijua. Hilo ndilo lililomchoma. Bibi yake mzaa baba, kule Kasulu, alikuwa na jina lake, na dada zake kila mmoja na lake, na Leonia akiwa mdogo aliyaimba yote kwa mpangilio. Ni shule iliyokuja na utaratibu wa jina la baba, kila mtu akauzoea, na yeye akauzoea mpaka akadhani dunia nzima imekaa hivyo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Familia nyingi zilikuwa bado zimekaa pamoja nyasini, kwa hiyo wasichana wakapita kuziuliza upya. Waliotangulia na mabasi walikuwa wameondoka pamoja, nao wangeulizwa wakifika. Waliotenganishwa na hema la wagonjwa walikuwa wakubwa, wenye midomo ya kujieleza. Isipokuwa mmoja.

Na hapo hapo Eufrasia akaja. "Yule mama Goreth amefumbua macho," akasema. "Anamuulizia mtoto wake. Nimwambie yuko na nani?"

Leonia alijaribu kuiona sura ya yule mwanamke aliyemdaka mtoto. Aliona vidole vyake mwenyewe juu ya vitufe. Jina alilotajiwa lilikuwa ndani ya jedwali la watu, ndiyo, lakini meza zote zilikuwa zikiandika kwa pamoja siku nzima, na lilikuwa limezama kati ya majina ya mamia ya wanawake. Hata watoto wadogo walioitwa Iradukunda walikuwa wengi.

"Walioandikwa mchana wamepanda basi lililoondoka mwisho, yuko humo," akasema mwishowe. "Na akishaingia kambini kwenye umati ule, mtoto asiyejua kulitaja jina la mama yake, tumempoteza."

Feliksi alikuwa ameshashika simu. Dereva alipokea mara ya tatu. Walikuwa wanakaribia Kidahwe, watasimama watu wajisaidie, lakini polisi wa msafara wakisema twende, yeye hana la kufanya. "Kimbia," Feliksi akamwambia Leonia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Mwinshehe, bodaboda wa Gungu aliyezoea kuegesha nje ya uwanja, aliwabeba wote wawili, Leonia katikati na Mwalimu Bucumi nyuma ameshika kofia yake kwa meno. Leonia hakuona kitu njiani. Alikuwa anatukana kimoyomoyo, akiitukana dizeli, akijitukana yeye, akiitukana ile soda ya baridi. Angeacha mashine kama ilivyokuwa, Goreth angekufa foleni. Aliibadili, na sasa mtoto wa Goreth alikuwa anakwenda kusikojulikana. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza kipi kilikuwa bora. Alitaka tu basi liwe bado limesimama.

Lilikuwa limesimama. Polisi wa msafara alikuwa ameshaanza kupiga filimbi.

"Afande, nipe dakika chache, nakuomba," akasema Leonia, akapanda kabla hajajibiwa. Basi lilikuwa limejaa mpaka njiani. Wanawake wenye watoto mapajani walikuwa kila kiti. Mwalimu Bucumi akauliza kwa Kirundi, kwa sauti ya darasani: nani anaye Iradukunda, mtoto wa Goreth, mama aliyeanguka mezani mchana?

Macho yakashuka. Leonia akawa anapita kiti kwa kiti, anamwangalia mtoto, anamwangalia mama. Huyu wako? Wangu. Na huyu? Wangu. Kila mmoja alisema wangu, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuaminiwa, kwa sababu aliyekuwa na ushahidi alikuwa ni mashine, na mashine ilikuwa imesahau. Filimbi ikapigwa tena. Dereva akawasha injini.

Leonia akasimama katikati ya basi, akaacha kuuliza. Akasema kwa Kiha, lugha ambayo Warundi wanaisikia kama yao.

"Mama zangu, nisikilizeni. Mimi ndiye niliyewaandika. Niliandika mtoto wa yule mama yuko na nani, nikaandika kwa haraka, umeme ukakatika, yakafutika. Kosa ni langu. Hakuna karatasi, hakuna kompyuta, hakuna mtu wa kumnyang'anya mtoto yeyote humu ndani. Anayejua ni mmoja tu, naye simjui. Mama yake amefumbua macho. Anamuulizia."

Injini ilikuwa inatikisa vioo. Kisha, karibu na mlango wa nyuma, mwanamke mmoja mwembamba akainua uso. Mtoto alikuwa amelala kifuani pake, amefunikwa khanga mpaka kichwani.

"Aracariho?" akauliza. Yu hai bado?

"Yu hai," akasema Leonia. "Yuko kwenye dripu. Anaongea."

Mwanamke akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa habari za nchi asiyoifahamu. "Waongo ninyi," akasema. "Anayeingia kwenye hema hatoki. Wa kwangu aliingia Kagunga." Akamvuta mtoto karibu zaidi. "Huyu nilijua amebaki peke yake. Nikasema, basi, ni wangu. Sikuiba."

"Hukuiba, mama. Ulimdaka."

Mwanamke yule, Ndayikunda jina lake, akamtengeneza mtoto khanga, na hakuna hata mmoja ndani ya basi aliyemharakisha, hata afande. Kisha akaokota mfuko wake chini ya kiti na kuteremka, mtoto akiwa bado usingizini.

Waliporudi uwanjani, hema la wagonjwa lilikuwa limezungushiwa kamba, na asiyeugua haruhusiwi kuivuka. Ndayikunda akasimama kwenye kamba, akamwinua Iradukunda juu kwa mikono yote miwili ili aonekane. Ndani, Goreth aliinua kichwa. Alijiziba mdomo kwa ule mkono usio na sindano, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mtoto alipomwona akalia, akajinyoosha kuelekea ndani, na Ndayikunda akawa na kazi ya kumshika asianguke. Alimshika vizuri. Goreth alipopata sauti, alimwomba aendelee kukaa naye mpaka atolewe dripu, na Leonia aliyaandika hayo akiwa amesimama hapo hapo, akiwatazama wote watatu usoni.

Alikuwa ameshayageuza majedwali. La familia ndilo lililokuwa la kuhakikisha sasa, na la watu ndilo la haraka. Feliksi alikunja uso.

"Umegeuza? Watu wenyewe ndio hatuwahakikishi?"

"Jina mtu anatembea nalo mdomoni, kaka. Likifutika namwuliza tena. Lakini mtoto wa mwaka mmoja nitamwuliza nini? Hili ndilo lisilorudi. Foleni itapungua mwendo, sikufichi. Ila haitasimama kama jana. Na Jeremia anichujie dizeli kwa kitambaa kila dumu, au sikai hapa."

Feliksi akatazama foleni, akatazama hema. "Atachuja," akasema.

Jua lilikuwa linashukia ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, Ndayikunda alipokaa mbele ya meza, mtoto sasa anacheza na utepe uliofungwa mkononi mwa mwanamke huyo. Basi lake lilikuwa limeondoka, kwa hiyo ilibidi aandikwe la kesho. Leonia akamwuliza kwake ni watu wangapi.

"Mmoja," akasema Ndayikunda. Halafu akasema, "Walikuwa wawili. Anaitwa Ndizeye. Alibaki Kagunga. Hakuna mtu aliyemwandika popote." Akaitazama mashine. "Anaweza kuingia humo?"

Utaratibu ulisema wanaandikwa waliofika. Leonia akamtazama Feliksi. Feliksi, ambaye alikuwa amesikia vizuri sana, akageuka akalitazama goli la kusini kana kwamba kuna mechi.

Leonia akaandika polepole, akiyatamka maneno ili ayasikie: Ndizeye, mtoto wa Ndayikunda, amefariki Kagunga. Akabonyeza. Taa nyekundu ikapepesa. Diski ikakoroma, ikazubaa kama kawaida yake. Kwenye foleni mtu alikohoa, mwingine akahamisha begi bega la pili. Ndipo kwenye kioo likatokea neno.

"Imeshamwandika?"

"Imeshamwandika."

"Na umeme ukikatika?"

"Yupo," akasema Leonia. "Hata ukikatika."

Ndayikunda aliitazama ile taa mpaka ilipotulia. Kisha akamfunga Iradukunda mgongoni, akasema asante, akainuka kumpisha aliyekuwa nyuma yake.